Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: Januari 2028 watoto watakaa wapi?

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: TAARIFA NA MIPANGO YA SHULE ZA SERIKALI KATIKA HALMASHAURI YETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni wazazi na wajumbe wa kamati za shule za msingi na bodi za shule za sekondari. Barua zetu tatu za awali zilipitia kwa Mtendaji wa Kata, zikafika masjala yako, zikagongwa mhuri wa kupokelewa. Mhuri tunao, majibu hatuna. Kwa hiyo hii ya nne tunaiandika hadharani, kwa heshima ileile ya zile za kwanza, ila bila kuzungukazunguka.

Tunalolalamikia ni moja. Taarifa za elimu hutufikia mambo yakishaamuliwa, na zinapofika hazina namba ambazo mtu anaweza kuzishika. Tunasikia "maandalizi yanaendelea vizuri". Ya wapi, kwa fedha ipi, yataisha lini? Hapo kimya. Tunaeleza hapa chini, hoja kwa hoja.

1. Mikupuo miwili ya kidato cha kwanza, Januari 2028

Tunaanza na hili kwa sababu tarehe yake inajulikana na haitasogea. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, mwishoni mwa 2027. Waliokuwa darasa la nne wanaendelea na utaratibu wa zamani, nao watamaliza la saba mwaka huohuo. Kwa hiyo Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Na kwa kuwa sera sasa inataka miaka 10 ya elimu ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari, ile hesabu ya zamani ya kuandaa nafasi za waliofaulu tu haitatosha.

Tuchukue kata ya mfano, yenye sekondari moja. Darasa la sita wako 260, la saba 220. Jumla 480. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba, hiyo ni mikondo 12. Kidato cha nne kinachoondoka kilikuwa na wanafunzi 160, kinaacha vyumba vinne. Vinavyopungua ni vinane. Bei ya Sh milioni 20 kwa chumba, ile iliyotumika mwaka 2021 kwenye madarasa ya fedha za UVIKO-19, inatupa Sh milioni 160, na kila anayenunua saruji na nondo anajua kwamba bei ya 2021 imeshapitwa.

Hapo bado hujahesabu vyoo. Ongezeko la wanafunzi 320, nusu wasichana nusu wavulana, kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, linahitaji matundu 15 mapya. Viti na meza ni seti 320, tukikubali kwamba seti zote za kidato cha nne zilizoachwa zina miguu minne, jambo ambalo aliyewahi kuingia stoo ya sekondari ya kata hatalikubali. Vitabu ni nakala 480 kwa kila somo. Maabara hazigawanyiki. Mwalimu wa hisabati pia hagawanyiki.

Tena mkupuo huo hautakaa mwaka mmoja ukapita. 2028 utakuwa kidato cha kwanza, 2029 cha pili, 2030 cha tatu, 2031 cha nne. Suluhisho la turubai au la zamu ya asubuhi na mchana litakuwa suluhisho la miaka minne.

Upo upande wa pili ambao hatujausikia kwenye taarifa yoyote ya Halmashauri. Shule za msingi zitapungua darasa moja. Januari 2028 zitakuwa na awali na darasa la kwanza hadi la sita, la saba halitakuwepo. Baadhi ya shule zitapata vyumba vya ziada, hasa zile zilizopakana uzio na sekondari. Nyingine zimebanana kiasi kwamba vyumba hivyo vitamezwa na mikondo iliyopo siku ya kwanza. Zipi ni zipi? Orodha hiyo inaweza kuandaliwa wiki hii kutoka kwenye takwimu za shule ambazo maafisa elimu kata hujaza kila mwaka. Na kama chumba cha msingi kitatumika kwa kidato cha kwanza, aamue mtu mapema kuhusu samani, kwa maana dawati la watoto watatu wa darasa la kwanza halimfai kijana wa miaka 13 mwenye magoti marefu.

Muda ni huu. Bajeti ya 2027/28 inaandaliwa kuanzia mwishoni mwa 2026, na fedha zake za mapema kabisa zitaonekana Julai 2027. Zikichelewa hadi Oktoba tutajenga kwenye mvua za vuli. Mwaka 2021 fedha za madarasa zilitoka Oktoba na vyumba vikatumika muhula uliofuata, kwa hiyo kukimbizana kunawezekana. Lakini mwaka ule nchi nzima ilisimamishwa kwa kazi hiyo moja, na fedha yote ilikuja kwa mkupuo. Hatudhani ni busara kupanga kwa kutegemea bahati hiyo ijirudie.

2. "Imetengewa" haijawahi kuwa "imepokea"

Kwenye matangazo ya Halmashauri maneno manne yanatumika kana kwamba ni neno moja: iliyoombwa, iliyotengwa, iliyopokelewa, iliyotumika. Shule inatangazwa kuwa "imepata Sh milioni 60" wakati fedha hiyo iko kwenye makaratasi ya bajeti tu. Wananchi waliokuwa wanasomba mawe na mchanga wanaacha, kwa sababu Serikali imeleta fedha. Miezi minane baadaye hakuna kitu, na anayelaumiwa ni mwalimu mkuu, ambaye hajaona hata senti. Watu wanamwangalia vibaya mnadani.

Kila taarifa ya fedha iandikwe na neno lake sahihi, tarehe na chanzo: Serikali Kuu, mapato ya ndani, Mfuko wa Jimbo, mradi wa BOOST (wa shule za msingi) au SEQUIP (wa sekondari), nguvu za wananchi. Ni mstari mmoja tu kwenye karatasi.

3. Asilimia za ujenzi zisizoeleweka

"Ujenzi umefikia asilimia 85." Asilimia 85 ya nini? Fundi anajua hatua: msingi, jamvi, kuta, lenta, kupaua, kuezeka, plasta, sakafu, milango na madirisha, rangi, samani. Jengo lililoezekwa lakini halina sakafu wala milango linaweza kupewa asilimia yoyote ile, kutegemea anayeandika ripoti na siku anayotarajia ugeni. Kwa mtoto, jengo hilo ni sifuri. Tuambieni hatua kwa jina lake.

Maboma nayo yanahitaji maelezo yake. Wananchi hunyanyua kuta hadi lenta, kisha wanasubiri Halmashauri imalizie. Serikali iliwahi kupeleka Sh milioni 12.5 kwa kila boma la darasa kwa ajili ya ukamilishaji, na shule nyingi zilinufaika. Yaliyobaki yanasubiri nini? Boma likikaa bila paa misimu miwili ya mvua, tofali za juu zinaanza kumomonyoka, nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu, na mhandisi akija anaagiza mistari ya juu ya tofali ibomolewe. Fedha iliyotosha kuezeka mwaka wa kwanza haitoshi mwaka wa tatu. Ndiyo maana orodha ya maboma yenye mwaka lilipoanza kila boma na foleni ya ukamilishaji ina thamani kuliko hotuba. Mwananchi akijua shule yake ni ya tisa kwenye foleni, ataamua mwenyewe kama aendelee kuchanga au apumzike.

Tukiwa hapohapo: majengo ya shule yanajengwa kwa force account, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi bila mkandarasi, kwa kamati tatu za shuleni, yaani ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wajumbe wake ni wazazi na walimu. Wengi hupewa makabrasha siku gari la saruji linapoingia. Hawajaiona BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi za jengo pamoja na vipimo vyake. Kamati ya mapokezi inahesabu vipande vya nondo, inasaini, kumbe BOQ inasema milimita 12 na kilichoshushwa ni milimita 10. Au saruji yote inanunuliwa siku moja kwa ajili ya hatua zote, inapangwa stoo juu ya sakafu bila mbao chini, na ikifika zamu ya plasta theluthi ya mifuko imekuwa mawe. Bandikeni BOQ kwenye mbao za matangazo za shule kabla ya kifaa cha kwanza kununuliwa. Kila kijiji kina fundi mstaafu mwenye macho. Atasoma bure.

4. Ruzuku na idadi ya wanafunzi

Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kinajulikana: Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo Sh 6,000 huingia akaunti ya shule na Sh 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu; kwa sekondari ni Sh 25,000, nusu kwa nusu. Kwa hiyo shule ya msingi yenye watoto 900 inapaswa kuona Sh 5,400,000 kwa mwaka, sawa na Sh 450,000 kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, michezo na ukarabati mdogo, vyote humo.

Hesabu hiyo inasimama juu ya idadi ya wanafunzi iliyomo kwenye mfumo. Kama mfumo unasoma 780 na madarasani wamo 900, shule inapoteza Sh 720,000 kwa mwaka. Hakuna aliyeiba. Ni takwimu zilizochelewa kuhuishwa baada ya uandikishaji wa Januari na uhamisho wa katikati ya mwaka. Kosa la namna hii mzazi yeyote angeligundua kwa dakika tano kama tangazo la shule lingesema "tumepokea Sh 390,000 kwa wanafunzi 780". Badala yake tangazo linasema "ruzuku ya mwezi imepokelewa", limechapwa kwenye karatasi ya A4, limebandikwa juani, na wino umebaki rangi ya chai.

5. Kugawa shule

Shule mama ikizidiwa, shule mpya inasajiliwa na wanafunzi wanagawanywa. Ni jambo jema na tunaliunga mkono. Tatizo ni kwamba wazazi hujua mtoto wao amehamishwa siku ya kufungua shule, jina lake likikosekana kwenye daftari la mahudhurio.

Mgawanyo una maswali ambayo hujibiwa vibaya yakijibiwa kwa haraka. Mnagawa kwa kitongoji au kwa darasa? Ndugu wawili wa nyumba moja watatenganishwa? Njia ya kwenda shule mpya inavuka korongo au barabara kuu? Wa darasa la mtihani wanabaki? (Tunashauri wabaki, maana usajili wa mtihani umeshafungamana na shule yao.) Na kuhama kwa miguu siyo kuhama. Jina lisipohamishwa kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, mtoto anasoma shule mpya huku ruzuku yake na nafasi yake ya mtihani ziko shule ya zamani.

Tunaomba ramani ya mgawanyo, hata ya kuchorwa kwa mkono, ibandikwe na ijadiliwe kwenye mikutano ya vijiji na mitaa husika angalau muhula mmoja kabla.

6. Michango

Hapa hatutakaa sana. Waraka unajulikana: mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Kila mchango utangazwe kwa kiasi, kazi yake, nani aliuidhinisha na kwenye kikao gani, na risiti itolewe. Mchango usio na vitu hivyo tutauhesabu kuwa haupo.

Ndugu Mkurugenzi, majibu ambayo tumezoea kuyapata mdomoni tunayajua, basi tuyapitie ili tusipotezeane muda.

"Taarifa zipo kwenye tovuti." Zipo, baadhi. Ni kurasa zilizopigwa picha zikiwa zimelala ubavu, za robo ya mwaka uliopita, na shule zetu zimejumlishwa kwenye mstari mmoja ulioandikwa "elimu". Mama asiye na simu janja hazioni kabisa, na mwenye nayo hawezi kuzitafutia jina la shule.

"Diwani wenu anawasilisha." Anawasilisha, na vikao vya Baraza ni vya wazi. Lakini Baraza hukaa kila robo mwaka, makao makuu, na nauli ya kwenda na kurudi ni gharama. Diwani mwenyewe hupewa kabrasha nene siku chache kabla. Tunamwonea tukimwachia peke yake.

"Bajeti haijapitishwa, hatuwezi kutangaza." Hatuombi ahadi. Andikeni "rasimu", tutaisoma kama rasimu. Rasimu ndiyo wakati pekee ambapo maoni yetu yana faida. Ikishapita bungeni tunabaki kupongeza au kununa.

"Mambo ya manunuzi ni siri." Yapo yanayolindwa na sheria, tunaheshimu. Idadi ya madawati, hatua ya ujenzi, kiasi kilichopokelewa na shule na BOQ ya darasa haviko huko. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu maombi, na Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu masuala muhimu kwa maisha ya wananchi.

"Hatuna watumishi wa kutosha." Hili tunalikubali kuliko mengine yote. Ndiyo maana tunachoomba hakihitaji mtumishi mpya. Namba zote tayari zimo kwenye mifumo yenu ya bajeti, ya hesabu za shule na ya takwimu. Zinahitaji kunakiliwa kwenye karatasi moja.

TUNACHOOMBA

Kwanza, ndani ya siku 30 kuanzia leo, mpango wa Januari 2028 kwa kila kata: idadi ya darasa la sita na la saba watakaomaliza 2027, vyumba vitakavyoachwa na kidato cha nne, vyumba vya msingi vitakavyokuwa wazi, upungufu wa vyumba, matundu ya vyoo, seti za viti na meza na walimu kwa somo, pamoja na chanzo cha fedha kwa kila pengo. Pengo lisilo na chanzo liandikwe "halina chanzo". Hatutapiga kelele kwa hilo, tutajua pa kuanzia kuchangishana.

Pili, karatasi moja kwa kila shule kila robo mwaka, ibandikwe shuleni, ofisi ya kijiji au mtaa na zahanati, mahali penye kivuli. Iwe na wanafunzi waliomo kwenye mfumo na waliomo darasani, ruzuku iliyopokelewa, kazi za ujenzi kwa hatua, na mabadiliko yanayotarajiwa robo ijayo. Mwalimu mkuu aisaini, mwenyekiti wa kamati ya shule naye aisaini.

Tatu, orodha ya maboma yote na foleni yake.

Nne, mkutano mmoja kwa kila kata kabla rasimu ya bajeti ya 2027/28 haijafungwa, Mkuu wa Divisheni ya Elimu ya Awali na Msingi na yule wa Sekondari wakiwepo wote wawili siku hiyohiyo. Tumechoka kuambiwa na wa msingi kwamba swali ni la sekondari, na wa sekondari kwamba watoto bado wako msingi. Mkupuo wa 2028 unapita katikati ya ofisi zao mbili.

Tupo tayari kusaidia kuhesabu madawati na matundu, shule kwa shule, Jumamosi yoyote mtakayotupangia. Fomu tutazidurufu wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wazazi na wajumbe wa kamati na bodi za shule

Nakala:
Mwenyekiti wa Halmashauri
Waheshimiwa Madiwani wote
Mkuu wa Divisheni, Elimu ya Awali na Msingi
Mkuu wa Divisheni, Elimu Sekondari
Maafisa Elimu Kata
Mbao za matangazo za shule zote